Kurimapu gari nyumbani kwa kebo rahisi na leptopu kuukuu

Mara ya kwanza niliposoma kompyuta ya injini ya gari langu nilidhani nimekosea mahali. Mstari ulitambaa kwenye skrini kwa dakika kadhaa, kisha likatokea faili moja la baiti 524,288, basi. Nusu megabaiti. Picha moja ya simu ni kubwa kuliko hilo. Lakini humo ndimo zilimokaa amri za injini: inyunyize dizeli kiasi gani, iinyunyize lini, turbo ijaze upepo hadi wapi, na ni wakati gani ikukatalie hata kama mguu umeuzamisha wote kwenye pedeli.

Gari lenyewe ni Volkswagen Golf ya kizazi cha nne, dizeli ya lita 1.9, injini ya herufi ASZ. Ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 130 na torki ya Nm 310. Kompyuta yake ni Bosch EDC15P. Naanza na majina haya kwa sababu maelekezo ya kurimapu, yaani kubadilisha amri hizo ndani ya kompyuta ya injini, yasipotaja kompyuta ni sawa na dawa isiyotaja ugonjwa. Kabla hujanunua kebo yoyote, itafute kompyuta ya gari lako, soma kibandiko chake, uandike namba zote: ya Bosch, inayoanza na 0281 kwa dizeli au 0261 kwa petroli, na ya mtengenezaji wa gari. Namba hizo ndizo zitakazokuambia kama mkono wako unafika au haufiki.

Kwa kifupi, EDC15 za dizeli na ME7 za petroli, zile za mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, ni rafiki wa mtu mwenye leptopu na subira. Subaru na Mitsubishi nyingi za turbo za miaka hiyo nazo zina njia yao: kebo ya OpenPort 2.0, EcuFlash ya kusoma na kuandika, na kwa Subaru, RomRaider ya kuhariri na kurekodi. Ukifika EDC17, kompyuta za dizeli zilizokuja baadaye, mambo yanageuka. Hizo zina prosesa za TriCore, zina nywila na sahihi za kidijitali, na mara nyingi lazima boksi lifunguliwe. Kama hiyo ndiyo yako, soma kwa kujifunza, lakini kebo rahisi iache dukani.

Zana

Nilizonazo ni hizi. Kebo ya KKL, ile yenye USB upande mmoja na plagi ya OBD (ya kuchunguzia gari) upande wa pili, kwa ajili ya kurekodi data injini ikiwa inafanya kazi. Kebo ya pili ya kusoma na kuandika faili. Majina utakayokutana nayo ni Galletto 1260 na MPPS, na nyingi zinazouzwa kwa bei ya kutupa ni nakala. Leptopu kuukuu yenye Windows 7. Chaja ya betri ya gari. Ukiitoa leptopu, ambayo ilikuwa inaoza kabatini, vyote kwa pamoja vilinigharimu pungufu ya seti ya tairi za gari hilohilo.

Kwenye KKL angalia chipu. Zenye FT232 ya FTDI huwa tulivu. Zenye CH340 hukubali programu hii na kugomea ile. Hata FT232 ina bandia zake, na mwaka 2014 FTDI walitoa dreva iliyopitia masasisho ya Windows na kuzifanya chipu bandia zisitambulike tena na kompyuta. Waliokuwa na kebo hizo walilala zinafanya kazi, wakaamka zimekufa. Ndiyo maana leptopu yangu ya kazi hii haijui intaneti. Masasisho nimezima, Wi-Fi nimezima, na hakuna barua pepe wala jambo la benki ndani yake. Sababu ya pili ni kwamba programu zinazokuja kwenye CD ya kebo za nakala zimepita mikono mingi, na huwezi kujua nani kaacha nini humo.

Kwa kuhariri natumia EDC15P Suite. Ni ya bure, inazitafuta ramani (majedwali ya namba yanayoiongoza injini) yenyewe na inarekebisha cheksamu, ambayo nitaieleza mbele. TunerPro ni nzuri pia lakini lazima uipatie faili la maelezo linaloionyesha kila ramani iko wapi. Bila hilo utabaki unakodolea macho bahari ya namba.

Rekodi kwanza

Sehemu hii watu huiruka, nami niliiruka. Nilianza safari hii kwa sababu gari lilikuwa zito. Likipanda mlima linalalamika, likipitwa halijibu. Nikajiambia dawa ni kurimapu. Mdogo wangu, ambaye ana tabia ya kuuliza maswali ya kuudhi, akaniuliza: "Kaka, una uhakika hizo farasi 130 za mwanzo zipo zote?" Sikuwa na uhakika. Tukachomeka KKL.

Kwenye EDC15 kuna makundi ya vipimo yenye namba, na matatu yanatosha kwa kuanzia. Kundi 008 linaonyesha mzunguko wa injini, kiasi cha dizeli anachoomba dereva, kikomo cha torki na kikomo cha moshi. Kundi 010 linaonyesha hewa inayoingia, shinikizo la anga, shinikizo la turbo na pedeli. Kundi 011 linaonyesha upepo wa turbo unaotakiwa, upepo uliopo, na jinsi vali ya N75 inavyofanya kazi kuuongoza. Namna ya kurekodi ni hii: injini ipate moto sawasawa, gia ya tatu, mzunguko 1500, kisha kanyaga mafuta mpaka chini na usiachie hadi 4000. Mtu mmoja anaendesha, mwingine anashika leptopu. Usijaribu kufanya yote mawili. Tafuta mahali palipofungwa au barabara tupu ambapo kasi hiyo haivunji sheria; mlima mrefu unasaidia kwa sababu injini inabeba mzigo na kasi haipandi sana.

Rekodi yetu ilionyesha kitu cha aibu. Kwenye 3000, mguu ukiwa chini kabisa, sensa ya hewa ilisema miligramu 700 kwa mpigo. Kompyuta ya dizeli haitaki kumwaga mafuta pasipo hewa ya kutosha, maana matokeo yake ni moshi mweusi, kwa hiyo kikomo cha moshi kilikuwa kinakatia dizeli kwenye miligramu 40. Gawanya 700 kwa 40 upate 17.5; uwiano huo ndio kompyuta yangu ilikuwa inaulinda. Dereva aliomba zaidi, kikomo cha torki kiliruhusu zaidi, kikomo cha moshi kikasema hapana. Na kompyuta siku zote hufuata kilicho kidogo kuliko vyote.

Turbo ilikuwa inafikia upepo wake bila shida. Aliyekuwa anadanganya ni sensa ya hewa, imechoka. Tulibadilisha sensa, tukarudi kwenye mlima uleule, ikasoma zaidi ya 900, na gari likawa gari jingine bila mtu kugusa hata baiti moja. Nusu ya hamu yangu ya kurimapu iliisha siku hiyo.

Kwa hiyo, kabla ya faili, pitia haya: sensa ya hewa, mipira myembamba ya vakyumu (hukauka na kupasuka mahali usipopaona), hozi za intakula (kipoza hewa ya turbo), na mabawa ya turbo yanayogandana kwa masizi. Kama upepo uliopo unapita sana ule unaotakiwa na kompyuta inaandika kosa 17965, mabawa hayo ndiyo ya kwanza kushukiwa. Ukimrimapu mgonjwa, unamkimbiza mgonjwa.

Kusoma na kuhifadhi

Chaji betri usiku kucha. Siku ya kazi, weka chaja ikiwa imeunganishwa na uzime kila kinachokula umeme: taa, redio, feni ya hewa ya ndani. Mimi sianzi chini ya volti 12.5, na napenda kuona 13. Washa swichi bila kuwasha injini, chomeka kebo, chagua EDC15 kwenye programu, soma.

Ukimaliza, soma tena. Linganisha mafaili mawili baiti kwa baiti. Amri ya fc /b ya Windows inatosha. Yakifanana, hilo ndilo faili lako la asili. Yakitofautiana, kebo au umeme una shida, na kebo isiyoweza kusoma vizuri mara mbili mfululizo haina haki ya kuandika. Mimi ilinitokea mara moja. Tatizo lilikuwa plagi ya OBD iliyolegea; nilipoishikilia kwa gundi ya karatasi mafaili yakafanana.

Lipe faili jina lenye namba ya kompyuta na tarehe, uliweke sehemu tatu tofauti, mojawapo isiwe leptopu hiyo. Usikubali kabisa faili la "gari kama lako" ulilopewa na mtu. Magari mawili yaliyoegeshwa pamoja, rangi moja, mwaka mmoja, yanaweza kuwa na programu za matoleo tofauti, na ramani zikawa zimekaa mahali tofauti.

Ndani ya faili

Hapa ningependa tukae kidogo, kwa sababu ukiona kwa macho yako namba moja inavyokaa, woga unapungua na heshima inaongezeka.

Fungua faili kwa programu ya kuonyesha heksi, yaani namba za msingi wa 16. Utaona safu za jozi: 50 14, 50 14, 2E 09. Prosesa ya EDC15 huandika baiti ndogo kwanza, kwa hiyo 50 14 inasomwa kinyume, 1450. Geuza heksi hiyo kuwa namba ya kawaida: 5200. Kwenye ramani za mafuta za kompyuta hii kila kimoja ni sehemu ya mia ya miligramu, kwa hiyo umesoma miligramu 52.00 za dizeli kwa mpigo mmoja wa silinda moja. Nayo 2E 09 ni 092E, yaani 2350. Kwenye ramani ya turbo hiyo ni milibari, shinikizo kamili pamoja na la anga, kwa hiyo upepo wa ziada juu ya anga ni kama bari 1.35.

Ndiyo hayo tu. Kurimapu ni kubadilisha 50 14 kuwa E0 15 mahali panapostahili, na gari likapata miligramu 56 badala ya 52. Ugumu uko kwenye maneno "mahali panapostahili".

Ramani zenyewe ni jedwali. Ile ya ombi la dereva ina pedeli upande mmoja na mzunguko upande wa pili. Ya kikomo cha torki ina mzunguko na shinikizo la anga, maana mlimani hewa ni nyepesi na kompyuta inapunguza. Ya kikomo cha moshi ina mzunguko na hewa iliyopimwa. Kuna ya upepo unaotakiwa, kuna ya kikomo cha upepo, na kuna namba moja pekee yake ambayo ni dari ya mwisho ya upepo. Kuna za muda wa kunyunyiza na za lini kunyunyiza kuanze, nazo ziko nyingi kwa sababu injini baridi na injini ya moto hazitaki kitu kimoja.

Jambo moja linalowapoteza wageni: faili hilohilo linaweza kubeba ramani zilezile zaidi ya mara moja, seti ya giaboksi ya mkono, seti ya otomatiki, nyingine ya magari ya kuvuta magurudumu yote. Ukibadilisha seti isiyo ya gari lako utaandika faili, utaendesha, hutasikia chochote, na utarudi kuongeza zaidi. Angalia umegusa seti ipi.

Kuhariri

Nilijiwekea lengo dogo: kutoka miligramu 52 hadi 56. Kwa hesabu ya mkono hiyo inasogeza torki kutoka 310 hadi kama 330 na kitu. Si kitu cha kujigamba nacho. Lakini klachi ilikuwa ileile ya zamani, na flaiwili ya vipande viwili haipendi kushtuliwa.

Kwa miligramu 56, kwa uwiano uleule wa 17.5, nahitaji hewa miligramu 980. Je, turbo inaitoa? Rekodi ilikuwa inaonyesha zaidi ya 900 kwenye upepo wa milibari 2350, kwa hiyo nikapandisha upepo hadi milibari 2400 katikati ya mizunguko, si zaidi. Juu ya mzunguko 3500 sikugusa kabisa. Turbo ndogo ikikimbizwa kwenye mizunguko ya juu haitoi upepo wa maana, inatoa joto. Halafu nikahakikisha kikomo cha upepo na ile dari ya mwisho viko juu ya 2400, la sivyo ramani yangu mpya ingekatwa na ya zamani. Angalia pia sensa ya upepo ya gari lako inaishia wapi. Ikifika mwisho wake, kompyuta inakuwa kipofu.

Kikomo cha torki nilikipandisha taratibu. Kwenye 1500 nilikiacha kilivyokuwa, kikaanza kupanda 1900, kikafika 56 kwenye 2250, kikashuka kurudi kwenye namba za kiwandani kufikia 4000. Mchoro wake ukiutazama kwa pembeni unatakiwa uonekane kama kilima kile cha mwanzo kilichoota nundu laini, usiwe na ngazi wala mwiba. Kila mwiba unaouona kwenye mchoro utausikia kwenye kiti.

Kikomo cha moshi sikukigusa. Watu wengi hukifungua kabisa, na hao ndio unaowaona wakiacha wingu jeusi nyuma. Moshi huo ni dizeli uliyoilipia ambayo haikuungua ikakupa nguvu, na joto lake linaishia kwenye mabawa ya turbo. Kama hewa ipo, kikomo cha moshi chenyewe kinaruhusu.

Kuhusu muda wa kunyunyiza, fikiria hivi: kwenye mzunguko 4000 krenki inageuka digrii 24 kila milisekunde, kwenye 2000 inageuka 12 tu. Ukiongeza mafuta yakahitaji muda mrefu zaidi kwenye mizunguko ya juu, sehemu ya mwisho ya dizeli inaungua pistoni ikiwa imeshashuka sana, na moto unatoka na eksozi. Ndiyo sababu nyingine ya kuacha juu kama kulivyo. Tazama pia kama mhimili wa ramani ya muda unafika 56. Ukiishia kwa mfano 55, kompyuta itatumia safu ya mwisho na hayo unayoomba zaidi hayatatoka.

Hifadhi kwa jina jipya. Acha programu irekebishe cheksamu. Cheksamu ni jumla ambayo kompyuta huihesabu ili kujua kama faili ni zima. Isipolingana, injini inaweza isiwake kabisa. Funga faili, lifungue tena, thibitisha namba zako zipo na cheksamu inakubali.

Kuandika

Masharti ni yaleyale ya kusoma, lakini sasa hakuna mzaha. Leptopu iwe kwenye umeme wake. Zima kulala, zima kihifadhi skrini, zima kila programu nyingine. Kebo ipite mahali ambapo hakuna mguu wa mtoto wala mlango unaofungwa. Andika, kaa kimya, subiri iseme imemaliza. Zima swichi, hesabu hadi thelathini, washa, futa makosa yaliyojiandika, ndipo upige starta.

Siku nilipoiua

Nilisema leptopu iwe kwenye umeme wake. Nimejifunza kwa njia hii: soketi ilikuwa moja. Nikachomoa chaja ya leptopu ili nichomeke chaja ya betri ya gari, nikajiona mjanja, maana betri ya gari ndiyo muhimu. Leptopu ikahamia kwenye mipangilio ya kubana umeme. Asilimia 61, skrini ikawa nyeusi. Nilipoigusa ikaamka, programu ikasema hakuna mawasiliano. Nikazima swichi, nikawasha. Dashibodi iliwaka lakini injini haikujibu kitu, na kebo haikuiona kompyuta tena. Jasho jembamba lilinitoka na hali ya hewa ilikuwa ya baridi.

Habari njema ni kwamba EDC15 iliyokatishwa kuandika haijafa, imezimia tu. Prosesa yake ni ya ukoo wa C167, na ina mlango wa dharura uliochongwa ndani ya prosesa yenyewe, usiotegemea faili. Ili kuufungua, mstari mmoja wa data lazima uwe chini wakati umeme unaingia, na mstari huo unapatikana kwenye pini ya 24 ya chipu ya kumbukumbu.

Kwenye Golf hii kompyuta inakaa chini ya kioo cha mbele, chini ya plastiki ya waipa. Nilitenganisha betri, nikaitoa, nikaiweka mezani. Kifuniko kimegandishwa kwa silikoni. Mashine ya hewa moto kwa kiasi, dakika chache, kisha unainua taratibu kwa ubapa bila kuchokonoa ndani. Chipu inayotafutwa ina miguu 44 na imeandikwa 29F400. Kuna nukta kwenye kona: hapo ndipo pini ya 1. Hesabu kushuka upande huo hadi 22, vuka ng'ambo, 23 ndiyo inayotazamana nayo, na 24 ni ya pili ukianza kupanda. Hesabu mara tatu. Mimi nilihesabu mara nne na bado nikamwita mdogo wangu ahesabu.

Kwa mchoro wa pini wa kompyuta hiyo nikaipa volti 12, ardhi, mstari wa swichi na mstari wa K wa mawasiliano. Nikashika sindano iliyounganishwa na ardhi juu ya pini ya 24, mdogo wangu akawasha umeme, nikahesabu sekunde mbili, nikaiondoa. Kwenye programu ya kebo nikachagua njia ya boot. Jaribio la kwanza hakuna. La pili hakuna. Sindano ilikuwa imeteleza. La tatu ikaitambua chipu. Nikaandika faili la asili, lile lililokaa sehemu tatu, na gari likawaka kama vile hakuna kilichotokea. Kifuniko nilikirudishia silikoni mpya pande zote, kwa sababu mahali inapokaa panapitiwa na maji ya mvua.

Ile chipu ndogo ya EEPROM iliyo pembeni, inayobeba mambo ya funguo na immobilaiza (kizuizi cha wizi), haihusiki na kurimapu. Usiiguse.

Barabarani

Siku iliyofuata, leptopu ikiwa kwenye umeme wake, niliandika faili langu. Kisha mlima uleule, gia ileile, makundi yaleyale. Upepo ulioombwa 2400, uliopo ulipita kidogo hadi 2430 kisha ukatulia. Hilo ni jambo la kawaida. Kama ungepita mamia na kukaa huko, ningerudisha faili la zamani palepale. Hewa ilivuka 980, kikomo cha moshi hakikukata, dizeli ikafika 56. Kwenye kioo cha nyuma hakukuwa na wingu. Mguuni nilihisi kitu kama vile gari limeshusha mizigo.

Ningekuwa na busara ningeishia hapo. Wiki mbili baadaye nilitengeneza toleo la tatu, miligramu 60. Gia ya tano, mlimani, nikakanyaga, na sindano ya mzunguko ikaruka kutoka 2200 hadi 2800 huku kasi ya gari imebaki palepale. Klachi ilikuwa inateleza. Harufu yake ukishaisikia mara moja huisahau. Nikarudi kwenye 56 jioni ileile.

Nisiyoyafanya

Sizimi EGR (mfumo unaorudisha sehemu ya moshi wa eksozi kwenye injini), sitoi katalisti, na kama gari langu lingekuwa na chujio la masizi nisingelifuta kwenye faili. Nchi nyingi zinakataza kwa sheria, gari linaweza kukataliwa kwenye ukaguzi, na anayevuta hewa hiyo ni aliye nyuma yako. Ukitaka kujua namba hizi zinaweza kubeba uzito gani, mwaka 2015 mamlaka ya mazingira ya Marekani iliibana Volkswagen kwa sababu ya programu iliyokuwa imewekwa kwenye kompyuta za injini za dizeli ili zitambue zinapopimwa na kupunguza uchafu kwa muda huo tu. Yalikuwa maandishi ndani ya boksi kama hili.

Kampuni ya bima iambiwe kwamba gari limeongezwa nguvu. Wengine huliona ni kujichongea, lakini siku ya ajali mkaguzi akichomeka kebo yake na kukuta faili si la kiwandani, mazungumzo yatakuwa mafupi.

Na sirimapu magari ya watu. Wameniomba. Huwa nawachomekea KKL, tunapanda mlima, tunasoma makundi matatu, na hadi sasa wengi wao wameondoka wakiwa na orodha ya mipira ya vakyumu ya kubadilisha. Faili langu la asili liko kwenye flashi ndogo ndani ya dashibodi, kwenye bahasha yenye namba ya kompyuta na tarehe, ili siku nikiliuza gari nilirudishe kama lilivyotoka, au nimkabidhi mnunuzi bahasha achague mwenyewe.